Kahawa ya Mgeni

Miembeni, Bukoba
23 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama, na mkungu ulionipa umefika bila kuchubuka. Naandika kwa sababu simu huisikii. Nikimpa Vestina maneno yangu akufikishie, namsikia anavyokusemesha sikioni na wewe unavyocheka, kisha mimi narudishiwa jibu moja tu: “Mama anasema sawa.” Mwaka jana nilipomleta kukuangalia, baada ya wewe kuvunjika nyonga, alikuwa anakuita Bibi Mwalimu. Sasa ni Mama. Riyadhi dereva ameahidi kuitoa barua hii kwenye gari lake na kuiweka mkononi mwako, si mkononi mwa mtu mwingine.

Kuna jambo limenikaa kooni tangu Pasaka. Niliingia, nikaketi, na kabla sijapumua ukamwambia Vestina, “Mletee mgeni kahawa.” Akaja na kile kikapu kidogo chenye mfuniko, akapiga goti, akanipa akamwani kwa mikono miwili. Mama, katika nyumba ya Wahaya, nani hupelekewa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu? Mtu wa nyumbani huenda kabatini akajichukulia. Mimi nimezaliwa katika nyumba ile. Kikapu kile nimewapelekea wageni wako tangu sijaota meno ya ukubwani. Nilichukua punje mbili, nikatafuna, na sikusikia ladha yoyote.

Halafu kanisani. Vestina alikaa mahali pangu kando yako, karibu na nguzo, mmeshika kitabu kimoja cha nyimbo, wakati yeye ni Mkatoliki. Na alivaa kile kitenge cha njano nilichokuletea Krismasi kutoka dukani kwangu. Nilikichagua siku nzima.

Mkweo Isaac ananicheka. Anasema namwonea wivu mtu ninayemlipa mwenyewe. Ni kweli, namwonea wivu. Nimekwambia ili baadaye usiseme nilinuna bila sababu.

Binti yako,
Hellen


Kagoma, Muleba
29 Aprili 2025

Mwanangu Hellen,

Marahaba. Bwana asifiwe. Barua nimeisoma mwenyewe, kwa miwani yangu, Vestina akiwa kwenye kibanja anapalilia, kwa hiyo tulia. Mwandiko wako bado unalala kama mgomba usio na nguzo. Nilikufundisha darasa la pili mimi mwenyewe, na hili linaniaibisha hadi leo.

Tuje kwenye kahawa. Ulifika Jumamosi mchana ukakaa kiti cha mlangoni, mkoba mapajani, viatu hukuvua. Ukaniuliza hali yangu huku unatazama simu. Mtu wa namna hiyo anaitwaje? Nikaagiza kahawa, kwa sababu nimelelewa vizuri. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe tangu nivunjike hujawahi kuifikia siku ya tatu. Jembe lako liko nyuma ya nyumba, limeshika kutu.

Kitenge nilimpa mimi. Njano ile si ya mwanamke wa rangi yangu, na ungeliona hilo kama ungekuwa unanitazama. Kanisani ananifinya vidole kunionyesha ubeti tulipo, maana kinanda sikisikii tena. Amezijua nyimbo zetu zote. Wako Walutheri wa kuzaliwa wasiozijua, nawe ni mmoja wao.

Unasema unamlipa. Sawa, mlipe. Lakini huyu si mfanyakazi, Hellen, huyu ni mtoto. Mfanyakazi huangalia saa. Huyu nikikohoa tu usiku ameshasimama. Jumatatu yupo, Jumapili yupo, Krismasi yupo. Hajawahi kuniambia amechoka. Mtoto ndivyo alivyo.

Nitumie ile dawa ya kuchua, ya chupa ya kijani.

Mama yako,
Anatolia


Miembeni
18 Mei 2025

Mama,

Shikamoo. Chupa ya kijani utaipata kwa Riyadhi pamoja na barua hii.

“Huyu si mfanyakazi, huyu ni mtoto.” Nimeisoma sentensi hiyo mpaka chai ikapoa. Nikampa Isaac aisome. Unajua kazi yake, ni afisa utumishi, watu wakigombana na mwajiri wanaanzia mezani kwake. Nilitegemea atanipa pole. Badala yake akaniuliza kama Vestina ana mkataba. Nikamwambia tulielewana kwa mdomo, pale uani kwako. Akauliza siku yake ya mapumziko ni ipi. Nikamsogezea bakuli la mboga. Akauliza amekwenda likizo lini. Nikamwambia aniache nile.

Hakuniacha. Mama, kumbe mtu anayemwangalia mzazi wako nyumbani sheria inamhesabu kama inavyomhesabu wa kiwandani. Apewe mkataba wa maandishi. Saa zake za kazi zijulikane. Apumzike siku nzima kila wiki. Kila mwaka apate likizo ya siku ishirini na nane huku mshahara wake unaendelea. Achangiwe hifadhi ya jamii. Na hafukuzwi kama kuku. Kila upande unampa mwenzake notisi. Nikamwuliza Isaac sheria inasemaje kuhusu mtoto wa kupachikwa. Akasema sheria inamjua mwajiri na mwajiriwa, huyo wa kupachikwa haimjui.

Hapo nikafurahi sana. Nisikudanganye, sifanyi hili kwa wema. Mkataba unaanza tarehe moja Juni, nimeutia sahihi, na Vestina atatia yake. Jumapili hayupo kazini. Edvina jirani yako atakuja kukupeleka kanisani, tumeshaelewana naye. Mimi nataka tu ijulikane katika nyumba ile nani ameajiriwa na nani amezaliwa. Mimi hakuna aliyewahi kuniandikia mkataba wa kuwa mwanao.

Hellen


Kagoma
9 Juni 2025

Dada Hellen,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada.

Mimi huku ni mzima, na Mama Mwalimu anaendelea vizuri isipokuwa tangu Jumapili ya kwanza anakula kidogo. Mkataba niliusoma, nikatia sahihi, nakala yangu nikaenda nayo nyumbani Kamachumu. Nilimsomea mama yangu, Immakulata, kwa sababu macho yake yameingia ukungu na haoni tena maandishi. Alinifanya nirudie pale palipoandikwa Jumapili.

Jana ilikuwa Pentekoste. Nimekwenda misa na mama yangu, nimepokea komunyo. Tangu nianze kazi sikuwa nimepokea. Kanisani kwenu nimekaribishwa vizuri na nyimbo nazipenda, lakini nilikuwa nikiimba najisikia kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake.

Dada, Mama Mwalimu ananipenda na mimi nampenda. Lakini mtu anayekuita mwanangu, unamwambiaje kwamba umechoka? Nilijaribu mara moja. Akaniuliza, “Umechoka na mimi?” Nikasema hapana, nikaenda kuchota maji.

Sijui nani alikukumbusha habari zangu. Mama yangu amekuombea kwa jina. Amesema mtu anayemkumbuka mtoto wa mwenzake ana moyo mzuri.

Nakushukuru sana,
Vestina


Kagoma
24 Agosti 2025

Hellen,

Bwana asifiwe. Leo ni Jumapili, kwa hiyo niko na Edvina wako. Ananitembeza kama mtu anayepeleka mbuzi sokoni. Kanisani ananipa kitabu kikiwa kimegeuzwa chini juu, kisha anasinzia. Usiniulize nimeimba wimbo gani leo, kwa sababu hata mimi sijui.

Vestina ameondoka alfajiri na maparachichi ya kumpelekea mama yake, na ndizi, na sabuni. Jioni atarudi akinukia moshi wa jiko la mtu mwingine. Ataanza: mama amesema hivi, mama amecheka hivi, mama ameota ndoto. Kumbe ana mama. Nilijua, hakuanguka kutoka mbinguni, lakini kulijua jambo na kulisikia kila Jumapili jioni ni vitu viwili. Wiki iliyopita amekuja amesukwa nywele. Nikamwuliza nani kakusuka, akasema mama. Huyo mama si haoni? Anasuka kwa kupapasa, akasema, na akashika nywele zake anatabasamu. Nilienda kulala mapema.

Juzi nilimwambia miguu inaniuma, Jumapili hii asiende. Akanichua vizuri, akanifunika, akaenda. Zamani asingekwenda. Ni ile karatasi yako.

Nikuulize swali la hesabu, ulikuwa huziwezi lakini jaribu. Umempa Vestina Jumapili. Umeitoa wapi? Hukuitoa kwako, wewe Jumapili unapumzika Miembeni. Umeitoa kwangu. Ungekuwa unakuja wewe kukaa nami siku hiyo, ningesema binti yangu ametoa kitu. Umenitumia Edvina.

Mama yako


Miembeni
5 Oktoba 2025

Mama,

Shikamoo. Swali lako la hesabu sikulipenda, ndiyo maana nimekawia kujibu.

Nimesoma unavyomwonea wivu mama yake Vestina nikacheka peke yangu dukani, wateja wakaniangalia. Sasa umejua unavyouma. Mimi nimekaa nao tangu Pasaka.

Likizo ya Vestina inaanza tarehe nane Novemba mpaka tano Desemba. Isaac anasema kwa muda aliofanya kazi ilikuwa aipate zamani. Natafuta mtu wa kukaa nawe. Mwambie Vestina ajiandae.

Hellen


Kagoma
12 Oktoba 2025

Hellen,

Vestina amekataa likizo. Nilimweleza, akasema kwao hana shughuli, na msimu wa senene unakuja, nani atanichambulia. Mtoto hachukui likizo kwa mama yake. Hayo ni maneno yake.

Usihangaike kutafuta mtu. Suala hili limekwisha.

Mama yako


Kagoma
26 Oktoba 2025

Dada Hellen,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo.

Mama Mwalimu ameniambia kwamba umefuta likizo yangu kwa kuwa umekosa mtu wa kukaa naye. Nimeelewa, duka lina kazi nyingi na watu wa kuaminika hawapatikani. Nisingekusumbua kama jambo lenyewe lingekuwa langu peke yangu.

Mama yangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Amepata nafasi ya kupasuliwa jicho la kwanza tarehe kumi na moja Novemba. Anatakiwa awe na mtu wa kumpeleka, wa kumtia dawa, wa kumzuia asiiname wala kubeba ndoo. Kaka yangu yuko Mwanza. Mama amesema jirani atampeleka, nisiharibu kazi. Lakini mimi kila asubuhi nashika mkono wa Mama Mwalimu asijikwae, halafu mama yangu ashikwe mkono na jirani? Nimelifikiria hili mpaka nashindwa kula.

Naomba likizo yangu, dada. Ikishindikana kabisa nitatoa notisi, kwa sababu mkataba unasema naweza. Nitaitoa nikilia, maana hapa napapenda. Barua hii Mama Mwalimu hajui kama nimeiandika. Sikutaka ajue kwamba nimekuomba baada ya wewe kukataa, angejisikia vibaya kwa ajili yako.

Vestina


Miembeni
29 Oktoba 2025

Mama,

Vestina ameniandikia. Umemwambia mimi ndiye niliyefuta likizo, na mimi ukaniambia yeye ndiye aliyekataa. Umekaa katikati yetu ukitudanganya wote wawili, mwalimu mzima, mzee wa kanisa. Wakati huohuo mama yake anasubiri kupasuliwa jicho. Na Vestina alikuwa anakulinda wewe usijisikie vibaya kwa ajili yangu. Nilisoma pale nikatamani kumpiga na kumkumbatia.

Lakini ngoja nikwambie kinachoniuma zaidi, kwa sababu nimelala nacho usiku mzima. Mimi hujawahi kunidanganya ili nisiondoke. Nilipoolewa ulinifungia mizigo mwenyewe, ukaifunga kamba vizuri, ukasimama mlangoni ukasema nenda. Hukutoa chozi. Mashangazi walilia, wewe ulikuwa unahesabu mikeka. Tulipohamia Miembeni ulisema ni vizuri, mjini kuna biashara. Sikuwahi kusikia miguu inakuuma siku ninayoondoka. Kwa Vestina umeumwa miguu. Kwa Vestina umesema uongo, wewe uliyekuwa ukituchapa kwa uongo. Ningependa siku moja tu unisemee uongo ili nibaki.

Sitatafuta mtu. Nakuja mwenyewe tarehe saba, na nitakaa mpaka Vestina arudi. Duka atalisimamia Isaac na yule msichana wa kupima vitambaa. Vestina ameshapata ujumbe wangu kwamba likizo yake ipo palepale.

Usimwambie mtu aniletee kahawa.

Hellen


Kagoma
17 Novemba 2025

Vestina,

Habari za Kamachumu? Mama yako amepasuliwa salama? Isaac amenikataza kukupigia simu. Anasema likizo ni likizo, mwajiri asimtafute mtu kwa mambo ya kazi. Kwa hiyo naandika, na barua hii ukitaka ijibu, ukitaka ifungie maharage.

Mama hataki kuoga. Nikimwambia maji tayari anasema ameoga jana, na jana alisema hivyohivyo. Ndizi zangu anasema hazina chumvi, nikiongeza anasema nimemwaga bahari. Nikimshika mkono anaushika ukuta. Anaketi barazani anatazama njia ya kwenda kwenu. Jana usiku senene walishuka wengi, nikawakusanya na watoto wa Edvina, nikakaa leo tangu asubuhi nang'oa mabawa na miguu mpaka vidole vikavimba. Nikawakaanga. Akala mmoja, akasema, “Vestina huwaacha wakauke kidogo.”

Nilikuonea wivu tangu Pasaka, bora ulijue. Ule mkataba uliomfanya mama yako aniombee kwa jina, niliuandika kwa kijicho. Nilitaka uonekane wa kuajiriwa. Sasa niko hapa nafanya kazi yako, na ninakuonea wivu mpaka kwenye sufuria. Nieleze unafanyaje.

Hellen


Kamachumu
21 Novemba 2025

Dada Hellen,

Shikamoo. Mama yangu yuko salama. Walipotoa bandeji alinitazama, akasema nimekonda na shati langu halijapigwa pasi. Ndiyo maneno yake ya kwanza. Nilicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Kuhusu kuoga, usimwulize. Mpelekee kiti bafuni kimyakimya, kisha muulize habari za wanafunzi aliowafundisha Kagoma zamani, nani alikaa dawati gani. Ataanza kuwataja. Akifika dawati la mwisho utakuwa umemaliza mgongo. Mkono wake usiushike wewe, mpe wako aushike yeye. Senene kweli waache wakauke kidogo.

Umeniambia la moyoni mwako, nami nikuambie langu. Wivu nilikuwa nao mimi kwanza. Kila Jumamosi Mama Mwalimu ananituma nitandike kitanda chako, shuka safi, neti ifungwe. Nikadhani unakuja. Wiki ya pili nikatandika tena, na ya tatu. Hakulala mtu. Mimi ninalala chumbani kwake, kwenye godoro, karibu na mlango. Siku moja mvua ilivuja pale nikamwomba nilale chumbani kwako. Akasema, “Hapana, kile ni cha Hellen.” Sikukasirika. Lakini nilijua mtoto ni yupi.

Vestina


Miembeni
8 Desemba 2025

Mama,

Shikamoo. Nimefika, duka lipo, Isaac ameuza vitenge vya arusi kwa bei ya kanga lakini nimemsamehe.

Najua umenikasirikia kwa nilichofanya juzi Jumamosi, maana niliondoka jana ukanipa shavu moja. Acha nikueleze.

Vestina alipopiga hodi, mimi na wewe tulikuwa sebuleni tunachambua kunde. Aliingia na furaha yake, na mfuko wa maparachichi kutoka kwa mama yake. Wewe hukunyoosha mkono. Ulimwangalia alivyonawiri, nywele zimesukwa upya, ukasema, “Hellen, mletee mgeni kahawa.”

Mama, maneno hayo niliyasubiri tangu Pasaka. Nilinyanyuka haraka, nikafungua kabati, nikachukua kikapu. Nilikuwa nimefurahi kabisa, Mungu ananiona. Nikarudi nacho, nikamkuta Vestina bado amesimama, amekumbatia maparachichi yake, na uso wake umekuwa ule wangu. Niliujua kwa sababu niliuvaa njia nzima kurudi Bukoba siku ile. Alikuwa amekwenda kumtia mama yake dawa ya jicho, na wewe ulikuwa unamlipisha.

Ndipo nikaketi kwenye kiti cha mlangoni, nikajifungulia kikapu, nikatafuna. Nikasema, “Mgeni ni mimi. Mimi ndiye ninayeondoka.” Vestina akaweka maparachichi chini akaenda jikoni kutazama moto, kama mtu wa hapo. Wewe ukaangalia kunde zako.

Sikufanya hivyo kwa utakatifu. Niliondoka na wivu wangu, na niliposikia kupitia dirishani anakuuliza mbona umepungua, nikatamani kurudi kusema nilikulisha. Siku zile zote sikukusikia ukiniita mwanangu hata mara moja. Lakini mtu asiadhibiwe kwa kwenda kwao. Hilo halimo kwenye mkataba, na ni kweli hata kama mkataba usingekuwepo.

Nimemaliza. Ukitaka kunitumia kikapu hapa Miembeni, nitakipokea.

Hellen


Kagoma
14 Desemba 2025

Mwanangu Hellen,

Marahaba. Bwana asifiwe. Leo ni Jumapili, Vestina yuko kwao, na nimemkataza Edvina asije. Nimesali peke yangu hapa barazani. Vestina nimemwomba radhi. Nilimwambia nilidanganya, na kwamba nilimwita mgeni kwa hasira. Akasema alishajua. Ameniletea salamu za Immakulata, naye anataka kuja kuniona Krismasi kwa jicho lake jipya. Nimekubali. Nitavaa vizuri.

Ile karatasi uliyomwandikia sikuwahi kuisoma. Nilikuwa nimeikasirikia, na karatasi niliyoikasirikia siisomi. Wiki hii nilimwomba nakala yake, na leo nimeisoma yote kwa miwani. Nimefika pale pa notisi. Pale panasema anaweza kuniacha, nasi tunaweza kumwacha, tukiambiana mapema. Nimepasoma nikaona hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa siku zote, hata kabla hujaliandika. Nilimwita mtoto ili asilifikirie. Nilimfanya mtoto asiyelala, asiye na Jumapili, kwa hofu. Haikuwa haki.

Sasa nikujibu la mizigo, ulilonitupia Oktoba. Unasema nilikufungia mizigo kamba vizuri nikasema nenda. Ni kweli. Sikulia, nilikuwa nahesabu mikeka. Vestina nilimdanganya kwa sababu siku akiondoka, hakuna kitu chake humu kitakachomrudisha. Wewe nilikufungia mizigo bila hofu. Mtu hamwekei kamba mguuni kuku aliyeanguliwa hapohapo. Nilidhani unalijua hilo, nikaona hakuna haja ya kulisema. Nimefundisha miaka yote ile na bado nikadhani mtoto anajua jambo ambalo hajaambiwa.

Basi nakuambia. Njoo Krismasi, na Jumapili nyingine za Vestina uzigawe wewe na Edvina, yeye asipewe zote. Siku ya tatu jembe linakusubiri, nimemwambia Vestina alisugue kutu. Kitanda chako kimetandikwa.

Ukifika usipige hodi. Vua viatu, pita. Kahawa iko kabatini, rafu ya chini, nyuma ya chumvi. Hakuna atakayekuletea.

Mama yako,
Anatolia